Likizo Dodoma kwenye mashamba ya zabibu: niende mwezi gani? Ndugu zangu wananicheka

Kaka wa Kimara
Wakuu salaam. Mimi na mke wangu mwaka huu tunatimiza miaka 10 ya ndoa, nimepata likizo ya siku 9 kazini na hela kidogo nimeweka pembeni. Kila ninayemwambia ananiambia Zanzibar, Zanzibar, Zanzibar. Sina tatizo na Zanzibar ila mke wangu anataka Dodoma.

Sababu yake ni hii. Yeye ni mtu wa Kahama, alikuwa anasoma Dar, kila likizo basi likisimama Dodoma wale wauza zabibu wanainua vifuko mpaka dirishani, anashusha hela anapandisha zabibu, basi linaondoka. Miaka yote hiyo hajawahi kuona mzabibu wenyewe umesimama shambani. Ananiambia nataka nichume mwenyewe kichala kutoka kwenye mti, na nionje mvinyo pale pale ulipotengenezwa.

Maswali yangu: mwezi gani zabibu zimeiva, mashamba yapo upande gani wa mji, wageni wanaruhusiwa kuingia, na mbali na zabibu kuna nini cha kuona. Ndugu zangu wanasema Dodoma ni vumbi na Bunge tu, nimekosa pa kwenda. Naombeni mawazo.

Ngosha Mpole
Mkuu umeshinda. Mwanamke anayeomba Dodoma wakati wenzake wanaomba Dubai mshike kwa mikono miwili.

Mtoto wa Bihawana
Mbukwenyi wote. Hao ndugu zako hawajawahi kutoka nje ya stendi. Nimezaliwa kule, nakuelekeza vizuri.

Mashamba yapo pande zote lakini gawanya kwa barabara ndio utaelewa. Barabara ya Iringa: unapita Bihawana, Matumbulu, Mpunguzi, huku ni zabibu za familia, shamba ekari moja moja mbili mbili. Barabara ya Arusha: Msalato, Veyula, Makutupora, huku ndio kuna kile kituo cha utafiti wa zabibu cha TARI. Barabara ya Dar: Chamwino, pale Chinangali kuna shamba kubwa la ushirika, mistari inaenda mpaka macho yanachoka. Halafu Hombolo, kuna bwawa lilijengwa 1957 na mashamba yapo kule kule. Hakuna upande zaidi ya saa moja na nusu kutoka mjini.

Mwezi: nenda Agosti mwishoni au Septemba. Usiende mwezi mwingine.

Fundi Waya
Hapo kwenye mwezi nakupinga Mtoto wa Bihawana. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka na wewe unajua. Ule wa Februari na Machi ndio wa kumpeleka mke. Mvua imenyesha, milima imekuwa kijani, mibuyu ina majani, mtama umesimama, hewa imetulia. Agosti kila kitu kahawia, upepo unapuliza vumbi mpaka kwenye meno. Mtu anataka picha za miaka 10 ya ndoa unampeleka kwenye vumbi?

Mtoto wa Bihawana
Fundi hajaomba picha, ameomba kuchuma na kula. Zabibu ya masika ina maji mengi, sukari ndogo, na ikikutwa na mvua karibu na kuvuna ugonjwa wa ukungu unaiva kabla ya zabibu. Ya kiangazi ni tamu, ngozi imekaza, ukiibana mdomoni inapasuka. Kiangazi pia barabara za shambani zinapitika, masika ukiingia Mpunguzi ndani na gari dogo utalala huko huko.

Shangazi Tausi
Asanteni kwa uzi mzuri. Mimi nauliza tofauti kidogo, sisi kwetu hatunywi, je safari ya hivyo ina faida kwa mtu anayetaka zabibu tu? Mimi nipo Tanga na zabibu kavu za kwenye pilau tunanunua za kutoka nje, Dodoma hawakaushi?

Fundi Waya
Shangazi karibu sana, wapo wanaokausha ila kidogo kidogo. Shambani utakula mbichi mpaka ushibe na juisi ya kukamuliwa siku hiyo hiyo utapata. Halafu mjini utauona ule msikiti mkubwa wa Gaddafi uliojengwa kwa msaada wa Libya, ulifunguliwa 2010, ni kati ya mikubwa Afrika Mashariki. Ukifika niambie nikutafutie familia ya kukupeleka shambani.

Ila chukua tahadhari moja, na hii ni kwa wote: zabibu zilizopigwa dawa karibuni utaziona zina unga mweupe au rangi kama ya bluu ya mrututu. Muulize mwenye shamba kapiga lini, na uoshe. Usichume tu ukatia mdomoni eti umefurahi.

Mwana wa Rufiji
Swali la kizembe wakuu, inakuwaje Dodoma wavune mara mbili wakati tunasikia Ulaya ni mara moja? Ni udongo?

Kijana wa Kolo
Ni udongo wa kichanga na jua. Zabibu inapenda nchi kavu, Dodoma kwa mwaka mzima mvua haifiki hata milimita 700, kwa hiyo mmea haupati ugonjwa sana, unazaa tu.

Mbeba Mabegi (Cape Town)
Kijana wa Kolo umekaribia ila sio udongo. Mimi naishi huku Cape, nimefanya kazi za msimu kwenye mashamba ya Stellenbosch miaka 4. Huku mzabibu unalala. Baridi ikianza Juni majani yanaanguka yote, unabaki mti mkavu kama kuni mpaka Septemba ndio unachipua, unavunwa kati ya Januari na Aprili, basi, mara moja. Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamuru ni mkasi wa mkulima: ukipogolea, unaamka, unachipua, unaweka maua. Kwa hiyo mkulima wa Dodoma akipogolea mara mbili anavuna mara mbili.

Na kwa mleta uzi, huku nilipo utalii wa mvinyo ni biashara kubwa, Franschhoek kuna hadi tramu ya kuzungusha wageni shamba hadi shamba, unashuka unaonja unapanda tena. Nikikumbuka kwamba na sisi tunazo zabibu na hatuna hata kibao cha kuelekeza mgeni, roho inaniuma kweli.

Mama Wawili Dom
Mbeba Mabegi umegusa penyewe. Mimi naishi Dodoma mwaka wa 12. Nilimpokea dada yangu kutoka Mbeya, tukaenda kwenye kiwanda kimoja cha mvinyo tukiwa tumevaa vizuri na watoto, mlinzi akatusimamisha getini akatuuliza mna barua? Barua ya nini, tunataka kuona na kununua. Akasema kununua nenda duka la mjini. Tukarudi. Dada yangu hajanisamehe mpaka leo.

Kwa hiyo Kaka wa Kimara usiende kiwandani bila kupiga simu kabla. Nenda kwa wakulima. Wakulima hawakatai mtu.

Ngosha Mpole
Hapo ndio najiuliza kwa nini hawafungui milango. Kiwanda kikionyesha watu si kitauza zaidi?

Mchumi wa Area D
Ngosha, wanywaji wenyewe ndio hawapo. Mtanzania akiingia baa akitaka mvinyo anaagiza wa Afrika Kusini, anaona wa kwetu ni wa kanisani. Serikali imeshaweka ushuru mdogo kwa mvinyo wa zabibu za ndani kuliko wa nje lakini ladha na jina havibadilishwi na ushuru. Mwekezaji gani ajenge sehemu ya kuonjea watu wasioonja?

Mama Wawili Dom
Wanywaji wapo, mbona kila harusi Dodoma meza zimejaa. Tatizo ni hoteli na waongoza watalii wote wamekaa mkao wa Bunge. Bunge la bajeti Aprili mpaka Juni vyumba vinajaa na bei inapanda, likiisha wanapumzika. Nani ahangaike na mtalii wa zabibu?

Mkulima Mpunguzi
Wakuu nimesoma kimya kimya nikaona niseme. Mimi ninalima, ekari moja na robo, nyekundu ya Makutupora na kidogo nyeupe ya Chenin Blanc. Mnasema kwa nini hatupokei wageni. Msimu mmoja nilivuna vizuri, mnunuzi aliyeahidi kuja hakuja. Zabibu haisubiri, ikiiva siku kumi zinatosha kuharibika. Tukakamua mchuzi, yaani maji ya zabibu, tukajaza matanki, tukakaa nao miezi tunaulinda kama mtoto mgonjwa. Mwaka ule ningepata wageni 20 tu wa kununua ndoo ndoo ningelipa ada ya watoto. Kwa hiyo sisi tunawataka wageni kuliko mnavyodhani, ila mgeni anapitaje kutufikia ndio hatujui.

Kaka wa Kimara mke wako akija kwangu atachuma mpaka mikono ibadilike rangi. Ile nyekundu inapaka vidole na haitoki siku tatu.

Kaka wa Kimara
Mkulima Mpunguzi nimekusoma mara mbili, nimemsomea na mke wangu hapa akanyamaza. Tunakuja kwako. Nakuja PM.

Wengine endeleeni kunijaza, usafiri na cha kuona.

Dereva Mstaafu
Usafiri sasa ni rahisi. Treni ya SGR kutoka Dar hadi Dodoma ilianza Julai 2024, ile ya haraka haifiki masaa manne, asubuhi unakunywa chai Dar mchana unakula Dodoma. Mimi nilikuwa naendesha basi njia hiyo, kilomita 450, masaa 8 na zaidi na vibao vya 50 kila kijiji. Ila mkeo akitaka lile dirisha lake la utotoni itabidi apande basi. Stendi kuu siku hizi ipo Nzuguni, sio ile ya zamani ya katikati ya mji.

Ushauri, nenda na treni rudi na basi.

Bwana Mipango
Dereva umenikumbusha mbali. Zabibu za dirishani zile nilikuwa namnunulia marehemu mama yangu Morogoro, nikifika nusu zimepondeka anazila hivyo hivyo.

Kijana wa Kolo
Cha kuona. Siku moja toka uende Kondoa, lami tupu, asubuhi mapema uende Kolo. Michoro ya miambani, iliingia urithi wa dunia wa UNESCO 2006, mapango na majabali zaidi ya 150 yenye michoro. Twiga, watu warefu wembamba wenye vichwa kama wamesuka, rangi nyekundu ya mwanzo na nyeupe iliyokuja baadaye. Unapanda kwa miguu na mwongoza wageni wa pale pale Kolo. Pango la Mungomi wa Kolo wazee wetu bado wanafanyia matambiko, ukikuta pombe ya mtama imemwagwa chini ya jabali usiguse na usipige picha kabla ya kuuliza. Mimi nimekulia pale, mvua ikichelewa bibi yangu alikuwa anajua nani kaenda na siku gani.

Beba maji na viatu vya kufunga. Ndala haziwezi.

Mwana Naivasha
Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania, mimi niko Kenya. Kwetu kuna shamba la mizabibu Naivasha kwenye Bonde la Ufa, wanatengeneza mvinyo wa Leleshwa, lakini sikujua Dodoma kuna mashamba ya wananchi namna hii. Tukitoka Nairobi kwa gari, njia ni gani?

Dereva Mstaafu
Namanga, Arusha, Babati, Kondoa, Dodoma, yote lami. Ile ndio barabara ya zamani ya Cape mpaka Cairo. Lala Babati ama Kondoa, kesho yake pitia Kolo kabla ya kushuka Dodoma. Mlima wa kushuka Kolo ushuke kwa gia usikalie breki.

Mwana Naivasha
Asante mzee, tuko watu wanne, tunakuja.

Mtaalam wa Ladha
Naomba niulize wajuzi, kwa nini mvinyo wa Dodoma mwingi una sukari? Nimenunua chupa tatu tofauti zote tamu kama soda.

Fundi Waya
Jua mkuu. Zabibu za jua kali zina sukari nyingi.

Mbeba Mabegi (Cape Town)
Hapana Fundi. Sukari ya kwenye zabibu ikiliwa yote na hamira inageuka kilevi, mvinyo unabaki mkavu hata kama zabibu ilikuwa asali. Utamu unabaki kwa sababu mtengenezaji kausimamisha njiani au kaongeza baadaye. Ni uamuzi wa mtu.

Mchumi wa Area D
Na mtu anaamua hivyo kwa sababu soko linataka tamu. Anayeanza kunywa mvinyo akiutoa kwenye soda anataka tamu.

Mkulima Mpunguzi
Mnaongea viwanda. Huku kwenye mchuzi wa mitaani kuna wanaoongeza sukari ya dukani ili ufiche ukali wa mchuzi ulioanza kuwa siki. Mchuzi mzuri ukiunusa unanuka tunda. Ukinusa pua ikachoma, weka chini. Mtaalam ukitaka mkavu tafuta chupa imeandikwa drai, zipo, wahudumu tu hawazileti mpaka useme.

Padri Mdogo
Nami niongeze kuhusu asili, maana vijana mnadhani zabibu zilianza na viwanda. Walioleta ni mapadre Wapasionisti kutoka Italia, walipanda Bihawana kabla ya uhuru kwa ajili ya divai ya misa. Mpaka leo misheni ina mizabibu yake.

Mzee wa Chamwino
Padri heshima yako, ila marehemu babu yangu alikuwa askari magereza na alisimulia wafungwa wa Isanga walilima zabibu nyingi sana na mbegu nyingi za vijijini zilitoka pale, vijiti vilikuwa vinapitishwa kwa mlango wa nyuma.

Mtoto wa Bihawana
Mzee wa Chamwino, vijiti vya Isanga navyo vilitoka wapi kama sio Bihawana?

Mzee wa Chamwino
Uliza wazee wa kwenu kwanza. Kwetu Chamwino hakuna aliyekwenda misheni kuomba kijiti. Na bila Mwalimu kusukuma kilimo cha zabibu na kuamua 1973 makao makuu yahamie hapa, hayo ya misheni yangebaki ya altare.

Mbeba Mabegi (Cape Town)
Na Hombolo ni hadithi nyingine tena, kule Waitaliano wa miaka ya karibuni walileta mbegu za kwao, Aglianico, Teroldego, Marzemino. Kwa hiyo swali la nani kaleta inategemea unaongelea zabibu gani.

Mama Wawili Dom
Turudi kwa mleta uzi jamani. Jumamosi usikose mnada wa Msalato, nyama choma ya mbuzi, chumvi na pilipili tu, unachagua mwenyewe ubavu unasimama pale mpaka inaiva. Nenda kabla ya saa 8, baadaye ni moshi na foleni. Jioni panda kwenye mawe ya mlima Simba mjini uangalie jua likizama. Na mlenda na ugali wa uwele uonje, mkeo akiwa Msukuma hatashangaa mlenda.

Ngosha Mpole
Msukuma ashangae mlenda? Mama Wawili wewe ndio utakuja kujifunza kwetu. Wagogo mnaweka karanga kidogo mnaogopa kuisha.

Mama Wawili Dom
Njoo na karanga zako, sufuria ninalo.

Shangazi Tausi
Na bwawa la Hombolo watoto wanaweza kuogelea?

Mtoto wa Bihawana
Hapana shangazi, maji yaliyotuama yana kichocho. Kaeni ukingoni, angalieni wavuvi na ndege, nunueni perege wa kukaanga muondoke.

Kaka wa Kimara
Nimeandika kila kitu. Bado mwezi. Fundi Waya anasema Februari, Mtoto wa Bihawana anasema Agosti, na mimi likizo lazima niijaze fomu kabla ya Ijumaa. Mkulima Mpunguzi, wewe mwenye shamba unasemaje?

Mkulima Mpunguzi
Sitakuambia mwezi, nitakuambia nilichofanya. Nimepogolea jana na leo. Sasa hivi ni tarehe 3 Mei, shamba limebaki vijiti na waya, na kila nilipokata panadondosha tone la maji, wenyewe tunasema mzabibu unalia. Watoto wangu wanaweka kidole wanaonja. Kuanzia leo hesabu siku 110 mpaka 120. Wiki mbili za mwisho watoto watakuwa wanaamia ndege kuanzia alfajiri, na mkija wakati huo mtawasikia wakipiga madebe kabla hamjaona shamba.

Kaka wa Kimara
Nimehesabu kwenye kalenda na mke wangu, siku ya 115 ni tarehe 26 Agosti. Nimejaza fomu tarehe 24. Treni kwenda, basi kurudi kama Dereva alivyosema, yeye ndio kachagua kiti cha dirishani.

Fundi Waya
Sawa Kaka, mtafurahi, ila vaeni mtandio kwa vumbi. Na Februari ijayo mrudi mje muone kijani, ndio mtajua nilikuwa nasema nini.

Mtoto wa Bihawana
Februari atakula maji.

Mwana Naivasha
Mkulima Mpunguzi, na sisi wanne tarehe hizo hizo tutapata za kuchuma ama Kaka wa Kimara atakuwa amemaliza?

Mkulima Mpunguzi
Ekari moja na robo ndugu yangu. Njooni na ndoo zenu.